Ubao wa Drafti na Pembe ya Masale

Jumatatu, 10 Machi

Mvua imeanza leo saa nane mchana, nikiwa na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani. Nimefika nyumbani nimelowa chapachapa, mwanangu Kindness yuko mlangoni ananicheka. Ana miaka mitano na anacheka kwa mabega, kama marehemu baba yangu.

Nikitafuta gunia kavu la kufunikia pumba, nyuma ya mashine mbovu ya kumenyea kahawa nikaukuta ubao wa drafti. Nilidhani ulishakuwa kuni zamani. Baba aliutengeneza kwa mlango wa zizi la mbuzi, akachoma miraba myeusi kwa chuma cha moto, ndiyo maana mpaka leo ukiunusa unanukia moshi. Vizibo vya soda vilikuwa ndani ya soksi yake. Vilikuwa ishirini na tatu, na kifungo kimoja cha koti la mama la kanisani, maana kizibo cha ishirini na nne kilimezwa na ndama.

Nikakaa kwenye pumba nikalia. Nilipomaliza nikachukua daftari hili la Kindness la mistari mikubwa. Niliishia kidato cha pili, mwandiko wangu si wa kuonyesha watu, lakini tangu tumzike baba Januari sina mtu mzima wa kuongea naye humu ndani. Masika haya nitaongea na karatasi.

Alhamisi, 13 Machi

Mvua. Kindness anakohoa kidogo. Tangawizi imeisha, nimeazima kwa jirani, Bibi Eliaichi.

Jumapili, 16 Machi

Baada ya ibada baba mdogo Sifael aliniita pembeni ya ngazi za kanisa. Ni mdogo wake baba, na sasa ndiye mkubwa wa ukoo.

"Shikamoo baba mdogo."

"Marahaba. Pendo, ukoo utakaa Jumamosi ya baada ya Pasaka. Tunataka tumkabidhi Godlove kihamba cha baba yake, mambo yasikae hewani."

"Na mimi?"

"Wewe una nini?"

"Nina pembe yangu."

Akatazama viatu vyake vilivyokuwa na tope. "Litazungumzwa," akasema.

Niandike vizuri ili nisijichanganye. Tumezaliwa wawili, kaka Godlove na mimi Elinipendo, amenipita miaka mitatu. Kihamba, yaani shamba la ukoo na nyumba iliyomo, ni cha mwana wa kiume, hilo nimezaliwa nimelikuta na sipigani nalo. Kaka yuko Moshi mjini anauza simu. Mimi niko kwa baba na mtoto ambaye baba yake, Daniel, alikuwa mpagazi wa mlimani, akahamia Arusha, na simu yake ikahamia huko huko. Lakini kuna pembe ya chini, kuanzia kwenye mparachichi mpaka kwenye mfongo unaoleta maji, ambayo baba alinikatia na kuipandia masale, mimea yetu ya mpaka, nikiwa na miaka kumi na moja. Mteremko huu wote wanaiita pembe ya Pendo. Mtoto akitumwa ng'ombe aliyepotea anaambiwa, katafute kule pembe ya Pendo.

Ninataka nijenge pale vyumba viwili na banda dogo. Nikiikosa, siku kaka atakapoamua kuleta mke au wapangaji kwenye nyumba hii, mimi na Kindness ni wageni wenye mizigo.

Jumamosi, 22 Machi

Kutwa nzima mvua, hakuna kutoka. Nimemfundisha Kindness drafti. Nimemwonyesha vizibo vya kulala chali ni vyake, vya kulala kifudifudi vyangu. Anauliza kila kitu.

"Mama, kwa nini nikiona chako lazima nikile?"

"Ndiyo sheria."

"Na kama sitaki? Kama nimeshiba?"

Nimecheka mpaka nikapaliwa na chai. Baba alikuwa anatuambia, drafti si mchezo wa mwenye njaa. Ukilishwa lazima ule, kwa hiyo kabla hujala jiulize anayekulisha ameona nini ambacho wewe hujakiona.

Masika kama haya tulicheza kila siku, kaka na mimi, ubao juu ya debe, miguu yetu chini ya blanketi moja. Yule atakayeshindwa anakwenda kukata majani. Au anatoa parachichi lake. Au anamwogesha ndama, kazi ambayo hata ndama haikumpendeza. Kaka alikuwa anacheza haraka, anapiga kizibo kwa kishindo kama wanaume wa kwenye vijiwe. Mimi nilikuwa nachelewa. Ila nilikuwa naona. Nilikuwa naona hatua tatu mbele, sijui kwa nini, hesabu za darasani zilinishinda lakini pale nilikuwa naona.

Na kila nilipoona, nilisikia sauti ya mama kutoka jikoni, kwa Kichagga, taratibu. Mwachie kaka yako.

Kwa sababu kaka akishindwa alikuwa halali. Alikuwa hali. Mama alisema mwanaume akizoea kushindwa na mdogo wake wa kike atakuwa mwanaume gani. Basi nilikuwa naacha mlango wazi upande mmoja wa ubao, natazama juu ya dari, mpaka kaka aingie apate kingi. Halafu nakwenda kukata majani kwenye mvua.

Sikumchukia. Niliona ni kazi nyingine tu, kama kuosha vyombo.

Alhamisi, 27 Machi

Mfongo umejaa. Ng'ombe hataki kula, ameinama. Nimekwenda na panga kuzibua maji yasiingie kwenye migomba.

Jumapili, 30 Machi

Leo nimekwenda kuitazama pembe. Masale yamekuwa marefu kunipita, yamesimama mstari mmoja kutoka mparachichi hadi mfongoni, majani yanamwaga maji. Nikayashika moja moja kama mtu anayesalimia watu msibani.

Niandike ile siku.

Ilikuwa Aprili, mvua kama hizi. Kaka alikuwa na miaka kumi na minne, ndevu hazijaota lakini sauti imeshaota. Baba alikuwa amerudi kutoka kahawani, anakausha miguu motoni. Tukamaliza vitu vya kuwekeana, parachichi hakuna, majani yameshakatwa. Kaka akasema, "Tuwekeane kihamba. Nikikufunga, utanikatia majani mpaka utakapoolewa. Ukinifunga, chukua pembe ya chini. Ile ya mawe."

Baba akainua kichwa. "Godlove, umetaja ardhi mbele ya baba yako."

"Si mchezo tu baba."

"Ardhi haitajwi kwa mchezo. Ifute au icheze."

Kaka akasema anaicheza. Akatoka kwanza kwenda kufunga mlango wa ndama uliokuwa unapiga, na alipokuwa nje mama akaniambia lile neno lake. Mwachie kaka yako. Baba akageuka akamtazama mama, akanitazama mimi. Nadhani ndiyo siku aliyojua kwamba huwa namwachia.

"Leo usimwachie mtu," akaniambia.

Kaka aliporudi tukacheza. Nikamlisha kizibo kimoja. Akala kwa kishindo. Nikamlisha cha pili, akala, akacheka. Halafu nikala vyake vitatu kwa mruko mmoja na kile kifungo cha mama kikaingia mwisho wa ubao kikawa kingi. Kaka alifagia ubao kwa mkono, vizibo vikaruka mpaka majivuni.

Asubuhi baba alikata masale kwenye mpaka wa juu, akachimba mashimo kwa sururu kwenye tope, akayapanda. Bibi Eliaichi, jirani yetu, alikuwa anapita na maziwa yake, akamwuliza, "Ndelilio, unampandia nani mpaka ndani ya shamba lako mwenyewe?" Baba akajibu, "Nampandia Pendo. Kaka yake amempa, mimi shahidi."

Miaka iliyofuata nilimwomba baba aandike. Alisema masale yanatosha kuandika.

Jumamosi, 5 Aprili

Kaka amekuja. Ameleta mkate, sukari, na viatu vya mvua vya Kindness, vyekundu. Kindness amevivaa mpaka ndani ya nyumba, akala navyo kiburu cha ndizi na maharage, amekataa kuvivua.

Alipouona ubao, uso wake ulibadilika. Alikaa chini papo hapo, na suruali yake nzuri.

"Pendo, umeupata wapi? Aisee. Unukie huu." Akaunusa, akafumba macho. "Unakumbuka ndama aliyemeza kizibo, mzee akakaa siku mbili anachungulia mavi?"

"Nakumbuka."

"Unakumbuka blanketi la kijivu? Ulikuwa unalivuta lote, mjanja wewe."

Nilikuwa nimesahau kuwa naweza kucheka naye hivyo. Tukacheza. Mvua inapiga bati, Kindness amelala mapajani kwa mjomba wake, na mimi nikajikuta naona ule mlango wa upande wa kushoto, na nikauacha wazi. Mkono wenyewe umezoea. Akapata kingi, akapiga kizibo kwa kishindo, Kindness akaamka.

"Mjomba alikuwa bingwa wa nyumba hii," akamwambia. "Mama yako hajawahi kunifunga."

"Mara moja," nikasema.

"Mara moja ni bahati."

Akanywa chai. Halafu akaanza kuzungumzia pembe, taratibu, macho kwenye kikombe. Barabara ya halmashauri inagusa kihamba pale tu, anasema. Anataka kuweka geti. Bila pale gari litapita wapi?

"Gari lipi kaka?"

"Nitakalonunua."

"Na mimi nitajenga wapi?"

"Pendo, wewe utaolewa. Ile ilikuwa michezo ya watoto. Mzee alikuwa anatufurahisha."

Nikamwambia baba hakuwa mtu wa kuchimba mashimo kwenye tope ili kufurahisha watoto. Alipoondoka alinikumbatia, na nilifurahi kukumbatiwa, hilo nalo niliandike.

Jumatano, 9 Aprili

Mvua ya mawe. Maua ya kahawa yameanguka yote ya upande wa juu.

Jumatatu, 14 Aprili

Masale yameng'olewa.

Nilikwenda asubuhi kukata majani, nikaona mparachichi umesimama peke yake kama mtu aliyevuliwa nguo. Mashimo yamejaa maji. Hakuna hata moja lililobaki. Yametupwa kwenye mfongo, mengine yamesukumwa na maji mpaka chini kwa Bibi Eliaichi.

Bibi Eliaichi alikuwa pale na fimbo yake. "Vijana wawili," akasema. "Jana, mlipokuwa kanisani. Niliwauliza mnang'oa masale ya marehemu mmetumwa na nani. Wakasema bosi Godlove. Mimi tangu nizaliwe sijaona mtu anang'oa masale aliyopanda baba yake. Hata mwizi wa ng'ombe anayapita pembeni."

Nikampigia kaka. Hakupokea. Nikapiga tena. Akapokea.

"Kaka, umefanya nini?"

"Fundi anapima, Pendo. Yalikuwa yanamzuia."

"Yalikuwa yanamzuia nani? Yale ni mikono ya baba."

"Usinililie kwenye simu, nina wateja."

Nikaenda kwa baba mdogo na matope yangu, nikiwa nimembeba Kindness mgongoni na viatu vyake vyekundu vinanigonga kiunoni. Baba mdogo aliposikia aliweka kikombe chini. Sijawahi kumwona amekasirika vile. Akasema kung'oa masale ya aliyekufa ni kumfukua. Akasema, "Siku ya kikao atasimama mbele ya ukoo aeleze. Na Eliaichi aje aseme aliyoyaona. Nenda nyumbani mwanangu, pembe yako haina wa kuichukua."

Nimerudi na moyo mwepesi. Ni ajabu kusema, lakini kaka amenisaidia. Angeyaacha yamesimama, wangebishana kama ni mchezo au si mchezo. Sasa kosa liko wazi, kila mtu analiona.

Ijumaa, 18 Aprili

Ijumaa Kuu. Tumefunga. Kindness naye amefunga mpaka saa tatu asubuhi.

Jumapili, 20 Aprili, Pasaka

Kindness, kama siku moja utalisoma daftari hili ukiwa umekulia mbali na hapa, ujue isale, yaani moja la masale, ni nini kwetu. Linaonyesha mpaka. Tena mtu akikukosea akakuletea jani la isale lililofungwa fundo, hukatai. Hata kama ameunguza nyumba yako. Ukilipokea, lile kosa limekwisha. Ukilikataa, wewe ndiye unabaki na kosa, na watu watakuogopa.

Leo tulipotoka ibadani, watu wote bado uwanjani, wazee, kwaya, watoto na nguo zao mpya, kaka Godlove alinijia na isale mkononi. Amevaa suti ya baba. Akapiga goti. Kwenye tope, na suti ya baba.

"Pendo, nimekosa," akasema kwa sauti ya kusikika. "Nimeng'oa masale ya mzee. Shetani alinipitia. Nisamehe dada yangu."

Baba mdogo alikuwa nyuma yake, anaitikia kwa kichwa. Bibi Eliaichi alinivuta kidogo gauni, kwa nyuma, nikadhani anataka nimwinue kaka upesi.

Nikalipokea. Nikamwinua, nikamfuta tope magotini kwa kanga yangu. Tukalia wote wawili. Kwaya wakaanza wimbo bila kuambiwa.

Tumekula pamoja, baba mdogo, kaka, sisi. Kaka amemlisha Kindness nyama kwa mkono wake. Ni Pasaka bora tangu mama afe.

Jumatatu, 21 Aprili

Nimekwenda pembeni pale na kamba ya kufungia ndizi, nikapima vyumba viwili. Mlango utatazama mlima, jikoni itatazama mfongo. Kindness alisimama ndani ya chumba chake kisicho na ukuta akasema anasikia baridi. Nikamwambia nitaweka dirisha la kioo. Isale la kaka nimelichomeka juu ya mlango wa jikoni.

Jumamosi, 26 Aprili

Nimekunywa maji, nimetulia, sasa niandike.

Wazee tisa walikaa sebuleni kwa baba. Mimi niliwagawia mbege, pombe yetu ya ndizi, kisha nikakaa kwenye kigoda karibu na mlango, palipo pangu. Kaka alikaa kwenye kiti cha baba. Bibi Eliaichi aliitwa akasema yote, mashimo, tope, maneno ya baba. Akayasema vizuri kuliko mimi nilivyoyaandika. Wazee wakatikisa vichwa. Nikaona limekwisha, nikaanza hata kufikiria nitawapikia nini.

Baba mdogo akakohoa.

"Pendo. Kosa la kung'oa, ndugu yako alikuletea isale?"

"Aliniletea."

"Ulipokea?"

"Nilipokea, baba mdogo."

"Mbele ya watu?"

"Mbele ya watu."

"Basi jambo lililopokelewa isale halirudi kikaoni. Tukilifungua tutakuwa tumelitukana isale lenyewe."

Sikuelewa haraka. Nikasema, "Nilimsamehe kung'oa. Sikumpa pembe."

Mzee mmoja mwenye kofia ya sufu akacheka kwa upole, kama anavyochekwa mtoto. "Binti, utasamehe kung'olewa, halafu udai kilichong'olewa? Masale hayapo. Mpaka usiokuwepo tutaupima kwa nini?"

"Kwa mashimo. Mashimo yapo."

"Mashimo hata panya anachimba," akasema mwingine.

Nikamtazama baba mdogo. Nikamwuliza mbele yao wote, nani alimwambia kaka alete isale siku ya Pasaka. Akajibu bila aibu, kwa sababu kwake si aibu. "Mimi. Nilitaka mpatane. Ninyi ni wawili tu duniani. Ardhi ni udongo, Pendo. Mwachie kaka yako."

Wazee wakaitikia. Mwachie kaka yako. Mmoja baada ya mwingine, kama watu wanaopokea sala. Nikamsikia na mama ndani yao.

Kaka alikuwa anatazama sakafu, anachezesha kifuniko cha chupa ya bia kwenye vidole, anakigeuza chali, kifudifudi, chali. Ndipo nikaona. Nilikuwa nimekaa upande wa pili wa ubao na sikuwa nimeangalia. Alinilisha. Mimi niliyekuwa naona hatua tatu mbele, nililishwa mbele ya kanisa zima, na sheria inasema ukilishwa lazima ule.

Ng'ombe, kahawa, nyumba, pembe, vyote vya Godlove. Mimi nimepewa kukaa mpaka mwisho wa mwezi wa tano, na nimeambiwa nishukuru. Nilishukuru. Nikaosha vibuyu vyao.

Jumapili, 27 Aprili

Sikwenda kanisani.

Jumanne, 29 Aprili

Bibi Eliaichi amekuja na maziwa. Nikamwuliza kwa nini alinivuta gauni siku ile. Akasema, "Nilitaka uketi chini. Ungezimia. Mtu aliyezimia hapokei kitu." Amekasirika na mimi bado. Amekaa, amelalamika juu ya magoti yake, ameondoka akaacha na kikombe chake.

Jumatatu, 5 Mei

Mvua inapungua. Nimemwandikia Yuditha, mtoto wa mama mkubwa, yuko Chekereni kwenye mpunga. Amejibu kwamba kuna chumba kwenye nyumba yao na wakati wa kupandikiza wanatafuta mikono. Ameuliza kama naogopa mbu. Nimemjibu kwamba mbu angalau anapiga kelele kabla.

Jumamosi, 10 Mei

Mafundi wamesimamisha nguzo mbili za geti pale pembeni. Kaka alikuja kuwasimamia, kisha akapanda huku juu. Nilimkaribisha chai kwa sababu nyumba ni yake. Alisimama karibu na maboksi yangu, akayatazama, akatazama pengine.

"Pendo, naomba kitu kimoja tu."

"Kimebaki kipi?"

"Ubao. Nitautundika sebuleni kwangu mjini. Mimi sina picha ya mzee hata moja iliyo nzuri." Akaushika, akaunusa tena. Macho yake yalikuwa na maji kweli, hakuwa anaigiza. "Tulikuwa na utoto mzuri, Pendo. Siku nikishindwa na mambo ya mjini, nakumbuka mvua na blanketi lile. Nakumbuka nilikuwa bingwa. Basi nalala."

"Tuucheze," nikasema. "Ukinifunga, uchukue."

Akacheka, akavuta debe. Kindness akapanga vizibo, akampa mjomba kifungo cha bibi yake, kwa heshima.

Alianza haraka kama kawaida yake. Mimi nikachelewa. Niliona ule mlango wa kushoto, na mkono ukaanza kwenda kuufungua. Nikauambia mkono, leo hapana. Nikamlisha kimoja.

"Kula."

"Nimeona." Akala kwa kishindo.

"Kula tena."

Akala. Halafu nikala vitatu nikaingia kingi. Haikuchukua muda, akabaki hana kitu. Akasema alikuwa hajakaa sawa. Tukapanga tena. Mara ya pili nilimwacha aanze yeye, nikamfunga. Mara ya tatu alicheza taratibu, anafikiri, jasho linamtoka juu ya mdomo, na nikamfunga kabla chai haijapoa. Kindness alikaa ameshika viatu vyake vyekundu.

Hakufagia ubao. Alikaa akautazama.

"Umejifunzia wapi?"

"Hapa hapa."

"Lini?"

Nikaanza kurudisha vizibo kwenye soksi.

"Pendo. Ulikuwa unaniachia?"

Nikatia kizibo kingine.

"Mara zote?"

"Isipokuwa moja."

"Kwa nini?"

"Mama alisema nikuachie."

Niliona likimwingia. Lilimwingia polepole, kama maji ya mfongo kwenye tuta, mfereji mmoja, halafu wa pili. Aliokota kile kifungo, akakigeuza, akatafuta kitu usoni mwangu cha kumwambia kwamba ninatania. Halafu akakirudisha kwenye mraba wake, taratibu sana, akasimama, akatoka. Ubao hakuugusa. Mwavuli wake aliusahau. Mguu wangu mmoja ulitaka kumkimbilia nao, maana manyunyu yalikuwa yameanza. Nikaukalia.

Sikujisikia vizuri. Nilidhani nitajisikia vizuri. Nimemnyang'anya kitu ambacho wazee tisa hawawezi kumrudishia, na yeye vilevile kwangu. Sasa tumegawana urithi.

Jumapili, 11 Mei

Kesho tunashuka. Bibi Eliaichi ameniletea kipande cha isale kwenye kopo la rangi, ni moja ya yale yaliyosukumwa na maji mpaka kwake. Limeshatoa mzizi mmoja mweupe. Anasema huko chini ni joto, nilimwagilie jioni. Hakuaga. Alisema tu kopo lirudi.

Maboksi yamefungwa, ubao bado. Kindness ameuweka juu ya debe na amepanga vyote ishirini na nne, chali vyake, kifudifudi vyangu, kifungo amejipa yeye. Anauliza kama nitamwachia ashinde kwa kuwa ni siku ya mwisho.

Nimemwambia hapana. Nitacheza kwa nguvu zangu zote, na yeye acheze kwa zake. Akilia nitamfuta machozi, tupange tena.

Ananiita. Anasema ni zamu yangu.